Kuchagua Darubini ya Kwanza Ukunda na Pwani ya Kusini

Mji wa Ukunda uko takriban digrii 4 na robo kusini mwa ikweta, mahali ambapo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu ya upeo wa macho katika mwaka mmoja, isipokuwa kipande kidogo kinachoizunguka ncha ya kaskazini ya mbingu. Ukaribu kama huo na ikweta ndio uliowavutia Waitaliano kwenye jukwaa la San Marco, nje ya pwani ya Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Hata hivyo, mkazi wa Kwale anayetaka kununua darubini yake ya kwanza hukutana na ushauri ulioandikiwa wasomaji wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako Nyota ya Kaskazini husimama juu angani usiku kucha na bahari haimpulizii mtu chumvi dirishani, na akiufuata ushauri huo jinsi ulivyo anaweza kulipia stendi isiyoweza kulenga anga la kwao, kisha akaviacha vioo vyake viliwe na kuvu kabla ya masika ya pili. Makala haya yanashikilia kwamba darubini pana, nyepesi kutumia, isiyo na mitambo mingi na inayoweza kuwekwa sakafuni au juu ya baraza ndiyo inayomfaa mwanagenzi wa pwani ya kusini, hata pale inapoonekana duni ikilinganishwa na ile iliyopambwa kwa magurudumu na nyaya.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kazi kuu ya darubini ni kukusanya mwanga, na kwamba kukuza umbo la kitu ni kazi ya pili. Mboni ya jicho la kijana ikiwa gizani hufunguka kufikia takriban milimita 7, na mwanga wote unaolifikia jicho hupita katika tundu hilo dogo, ilhali kioo chenye kipenyo cha milimita 150, yaani upana kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hukusanya mwanga zaidi ya mara 450 ya ule unaopokewa na jicho tupu. Kipenyo hicho ndicho kinachoamua ni nyota ngapi hafifu zitaonekana na ni alama ngapi ndogo zitatofautishwa kwenye uso wa sayari, na kwa hiyo ndiyo tarakimu ya kwanza ambayo mnunuzi anapaswa kuitafuta kwenye sanduku kabla ya kutazama bei.

Kwa bahati mbaya, tarakimu iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye masanduku mengi ni nyingine. Darubini ndogo ya milimita 76 huuzwa mara kwa mara ikidaiwa kukuza mara 525, na hesabu yake si ya uongo, ila haina faida. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali ambao mwanga husafiri kutoka kwenye kioo kikuu au lenzi kuu hadi unapokutana na kufanya taswira, kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ambayo ni ile lenzi ndogo ya kuchomeka ambayo mtazamaji huisogezea jicho lake. Darubini yenye fokasi ya milimita 700 ikitiwa lenzi ya jicho ya milimita 4 hukuza mara 175, na kikichomekwa katikati kijibomba cha kuzidisha mara tatu, hesabu hufika 525. Lakini ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili ya kipenyo kilichopimwa kwa milimita, kwa hiyo darubini hiyo ya milimita 76 huishia kwenye mara 150 hivi, na ikipandishwa zaidi ya hapo humpa mtazamaji doa kubwa, jeusi na lenye ukungu, linalotikisika kila anapogusa stendi. Galileo aliiona miezi minne mikubwa ya Mshtarii mnamo Januari 1610 kwa chombo kilichokuza takriban mara 20 tu. Sanduku linalojisifu kwa mamia ya ukuzaji liachwe dukani, kwa sababu kiwanda kinachoweka sifa hiyo mbele kwa kawaida kimebana gharama kwenye vioo na stendi.

Darubini za wanagenzi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni darubini ya lenzi, ambayo huupinda mwanga kwa kioo angavu kilichowekwa mbele, na ya pili ni darubini ya vioo, ambayo huuakisi mwanga kwa kioo mbonyeo kilichoko chini ya bomba na kuutoa ubavuni kwa kioo kingine kidogo, mpango uliobuniwa na Isaac Newton mwaka 1668. Darubini ya lenzi haihitaji matunzo mengi na bomba lake limefungwa, sifa inayostahili kuheshimiwa pwani, lakini zile za bei nafuu huzungushia vitu vyenye mwanga mkali ukingo wa rangi ya zambarau, na kipenyo chake mara nyingi ni milimita 60 au 70. Kwa fedha zile zile darubini ya vioo humpa mnunuzi kipenyo kikubwa zaidi, na kwa sababu hiyo ndiyo inayopendekezwa hapa. Ipo pia aina ya tatu inayochanganya lenzi na vioo ndani ya bomba fupi. Ni nzuri, lakini bei yake haimlengi mwanagenzi.

Suala linalotenganisha pwani ya kusini na nchi za mbali ni la stendi. Stendi iitwayo ya ikweta ina mhimili mmoja unaopaswa kulenga ncha ya mbingu, ili kwa kuzungusha mhimili huo tu mtazamaji aifuate nyota inavyosogea kutoka mashariki kwenda magharibi. Mkazi wa London huilenga Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Ukunda nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima, na ncha ya kusini, ambayo haina nyota angavu ya kuitambulisha, iko digrii 4 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi, paa za makuti na ukungu wa chumvi. Isitoshe, stendi nyingi za bei nafuu za aina hii haziwezi kulazwa hadi digrii 4, kwa kuwa skrubu yake ya kurekebisha hugota mapema zaidi, na hata pale inapolazwa kwa nguvu, uzani wa chuma unaosawazisha bomba hugonga mguu mmoja wa stendi kila mtazamaji anapojaribu kugeukia upande fulani wa anga. Darubini ya milimita 130 inayouzwa na stendi hiyo huvutia kwa picha, nayo ndiyo inayowachosha wanagenzi wengi wa ukanda wa ikweta mpaka wakaiegesha kabatini.

Mbadala wake ni stendi ya Dobson, iliyopewa jina la John Dobson, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha watazama nyota wa barabarani mjini San Francisco mwaka 1968, na ambaye alitaka kila mtu aweze kujitengenezea darubini kubwa kwa vifaa vya kawaida. Stendi hiyo ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya bamba la duara, na bomba hulala ndani yake likipanda na kushuka kwa mkono, bila skrubu za kukaza na bila kulenga ncha yoyote, hivyo hufanya kazi Ukunda sawasawa na popote pengine duniani. Fundi seremala wa Kwale anaweza kuitengeneza upya ikiharibika. Ina udhaifu mmoja ambao ni mkubwa zaidi karibu na ikweta kuliko kwingine: kitu kinapokuwa utosini kabisa, kulizungusha sanduku huwa kugumu, kwa sababu bomba limesimama wima na msukumo mdogo haulielekezi popote. Nebula kubwa ya Jabari, wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa, hupita karibu kabisa na utosi wa Ukunda, na katikati ya Januari hufika hapo baada kidogo ya saa nne usiku. Dawa yake ni kuitazama saa moja au mbili kabla, ikiwa bado upande wa bahari, au kuisubiri ishuke upande wa vilima vya Shimba.

Udhaifu huo hulipwa maradufu na sayari. Mshtarii na Zohali, zinapofika kilele cha safari yao ya usiku, huwa zaidi ya digrii 60 juu ya upeo wa Ukunda katika mwaka wowote, wakati ambapo London huweza kukaa miaka kadhaa zikipita chini kabisa, digrii 15 hivi. Kadiri sayari inavyokuwa juu, ndivyo mwanga wake unavyopenya hewa kidogo na taswira inavyotulia. Mtu wa Msambweni mwenye darubini ya wastani anaweza kuiona mikanda ya mawingu ya Mshtarii kwa usafi ambao mwenzake wa kaskazini, mwenye chombo ghali, huukosa.

Kwa vipimo halisi, chaguo la kwanza ni darubini ya mezani ya milimita 130 yenye stendi ya Dobson, kama vile Sky-Watcher Heritage 130P, ambayo fokasi yake ni milimita 650, hivyo lenzi za jicho za milimita 25 na 10 huipa ukuzaji wa mara 26 na mara 65. Ni nyepesi kiasi cha kubebwa na mtoto wa shule. Haina miguu, na ikiwekwa juu ya meza ya plastiki hutetemeka kila upepo unapovuma, lakini baraza la saruji la nyumba ya Kiswahili ni kiti chake bora kuliko meza yoyote ya dukani. Sehemu ya juu ya bomba lake huvutwa na kubaki wazi, kwa hiyo inahitaji kuzungushiwa kitambaa cheusi ili kuzuia mwanga wa pembeni na umande. Chaguo la pili, kwa mwenye nafasi na fedha zaidi, ni Dobson ya milimita 150 yenye bomba lililofungwa pande zote na fokasi ya milimita 1200, ambayo kwa lenzi hizo hizo hukuza mara 48 na mara 120. Hii husimama sakafuni, mtazamaji huitumia akiwa ameketi kwenye kigoda, na bomba lake lililofungwa ndilo linaloifanya iwe bora zaidi kwa nyumba iliyo karibu na bahari. Iwe ipi, tundu la kuchomeka lenzi ya jicho liwe la milimita 31.7, ambacho ni kipimo cha kawaida duniani, wala si la milimita 24.5 la vifaa vya zamani na vya kuchezea, kwani hilo humfunga mnunuzi asipate lenzi bora baadaye.

Stendi zenye kompyuta, ambazo hujigeuza zenyewe kuelekea nyota iliyochaguliwa, ziachiwe hatua ya baadaye. Fedha nyingi za chombo hicho huenda kwenye mota na saketi badala ya kioo, na hewa ya Diani huzila saketi mapema.

Asiyefikia bei ya chombo chochote kati ya hivyo asinunue darubini mbovu kwa kujifariji, bali anunue darubini ya macho mawili, ile inayotumiwa na manahodha na watalii, yenye alama ya 7x50 au 10x50, ambapo tarakimu ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa chombo hicho Kilimia, fungu la nyota ambalo wakulima na mabaharia wa pwani wamelifuata kwa vizazi ili kutambua majira ya mvua na jua, huchanua kutoka nyota sita au saba hadi makumi kadhaa. Huonekana pia Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu ambazo mkazi wa Ulaya hazioni kamwe akiwa kwao, na Omega Centauri, mkusanyiko wa mamilioni ya nyota uliosongamana kama mpira, ambao Ukunda hupanda hadi digrii 47 hivi juu ya upeo wa kusini. Kwa kuegemea ukuta au mlingoti, miezi ya Mshtarii nayo huonekana. Chombo hiki husaidia vilevile kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani na Shawwal, mradi kisinyanyuliwe kuelekea magharibi kabla jua halijazama lote.

Chombo kikishapatikana, adui wake ni hewa. Chumvi huanza kutia kutu skrubu na springi, kisha hukaa juu ya utando mwembamba wa alumini unaoufanya uso wa kioo uakisi. Kuvu huota ndani ya lenzi zilizofungiwa gizani kwenye mkoba wa ngozi au nguo, na huonekana kama utando wa buibui mtu anapomulika tochi kwa mshazari. Anayenunua kifaa kilichotumika afanye ukaguzi huo kwanza, kwani kuvu iliyokwisha kuuchimba uso wa lenzi haitoki kwa kusuguliwa. Kinga yake ni ya gharama ndogo: sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya lenzi za jicho, ndani yake vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu kama vinavyopatikana kwenye masanduku ya viatu, ambavyo hubadilishwa au kukaushwa kila baada ya muda. Bomba lihifadhiwe likiwa na vifuniko pande zote, mahali penye hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari. Lisitolewe moja kwa moja kutoka chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu hewa ya nje yenye unyevu hugeuka mara moja kuwa matone juu ya kioo baridi. Likirudishwa ndani na umande, liachwe wazi hadi likauke ndipo lifunikwe. Kioo kikuu kisifutwe kwa kanga wala kitambaa chochote. Vumbi kidogo halipunguzi taswira, lakini mchanga laini wa Diani ukiburutwa juu yake huacha mikwaruzo ya kudumu.

Mahali pa kutazamia pana uzito sawa na chombo chenyewe. Taa za makutano ya Ukunda na za mahoteli ya Diani hufifisha nyota hafifu, na upande wa kaskazini mwanga wa Mombasa hupanda hadi juu ya minazi. Mwezi na sayari hazidhuriki kwa mwanga huo na zinaweza kutazamwa hata uani mwa nyumba ya mjini, lakini galaksi na nebula zinahitaji giza la Gazi, Msambweni, Funzi au Shimoni, au viwanja vilivyo wazi nyuma ya mji wa Kwale. Kikundi kinachotoka usiku kimjulishe mzee wa mtaa na majirani, kwani bomba refu jeupe likielekezwa huku na huko gizani huzua hofu ambayo maneno mawili ya mapema yangeizuia. Tochi iwe nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauliondolei jicho mazoea ya giza, nayo isimulikwe ovyo ufukweni, ambako vifaranga vya kasa hupotezwa njia na taa na kuelekea nchi kavu badala ya baharini.

Kuhusu majira, miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ndiyo yenye anga la kutegemewa zaidi, na masika ya Aprili na Mei ndiyo yanayofunga milango. Mkazi wa pwani ana kalenda ya mwezi tayari mikononi mwake kupitia maji ya bahari. Bamvua la mwezi mwandamo huleta usiku wa giza unaofaa galaksi, na bamvua la mwezi mpevu huzima karibu kila kitu hafifu. Maji mafu ya nusu ya kwanza ya mwezi ndiyo wakati bora wa kuutazama mwezi wenyewe, kwa kuwa jua huumulika kutoka ubavuni na kila shimo na mlima ulioko kwenye mpaka wa nuru na giza hutupa kivuli kirefu, vivuli ambavyo mwezi mpevu hauna. Mwenye kununua sasa ajue pia kwamba Februari 2027 Mshtarii na Mirihi zote zitakuwa mkabala na jua, zikichomoza baharini magharibi inapoingia na kukaa angani usiku kucha.

Matarajio nayo yarekebishwe kabla fedha hazijatoka. Picha za rangi zinazochapishwa kwenye masanduku zilipigwa kwa vyombo vikubwa na kwa kukusanya mwanga kwa saa nyingi, ilhali jicho huona nebula kama moshi wa kijivu, na Zohali kama kitu kidogo, kikali, chenye pete iliyo wazi bila shaka yoyote. Wengi waliouona udogo huo mara ya kwanza hawakuusahau. Shirika la Travelling Telescope, lililoanzishwa na Susan Murabana na Chu Owen, limezunguka sehemu nyingi za Kenya likiwaonyesha wanafunzi anga, na anayepata nafasi ya kuchungulia katika darubini ya wengine namna hiyo ataamua vyema kuliko anayetegemea picha.

Darubini nyingi nzuri huagizwa kutoka Nairobi au nje ya nchi, kwa hiyo mnunuzi aulize mapema kama ushuru na usafiri vimo katika bei. Kifurushi kikishapita barabara kuu na kivuko cha Likoni, vioo vyake huwa vimesogea, na taswira yenye mkia upande mmoja si dalili ya ubovu bali ya vioo kutolengana, kasoro inayorekebishwa kwa skrubu tatu zilizoko nyuma ya kioo kikuu, kwa kufuata maelekezo yaliyomo sandukuni na kwa subira.

Limebaki la usalama, na halina nafasi ya majaribio. Darubini ikielekezwa kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofunika mdomo wote wa bomba hulipofua jicho mara moja, na kichujio kidogo cha kuchomekwa kwenye lenzi ya jicho, kinachokuja na baadhi ya vifaa vya bei rahisi, hupasuka kwa joto na kinapaswa kutupwa siku ile ile sanduku linapofunguliwa. Alasiri ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kwa sehemu katika anga la Kenya, na watoto wengi wa Ukunda, Diani na Msambweni watatafuta cha kulitazamia. Walimu na wazazi wenye darubini waagize vichujio vya mdomo wa bomba na miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 miezi kadhaa kabla, wavikague mwangani kama vina tundu au mkwaruzo, na asiyekuwa navyo siku hiyo aifungie darubini yake ndani.